Debian na LibreOffice katika ofisi ya umma: mapitio kwa jicho la usalama wa taifa

Kwa muda wa miezi kumi na minne sasa, kompyuta kumi na tisa za masjala, uhasibu na makatibu muhtasi katika ofisi ya umma ninayoihudumia kama afisa wa TEHAMA zimekuwa zikiendeshwa na Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwanza toleo la 12 na kisha toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, huku barua, majedwali na taarifa zote zikiandaliwa kwa LibreOffice, mkusanyo wa programu za kazi za ofisi. Mapitio mengi ya programu hizi hupima wepesi wa kuzitumia, sura ya skrini na akiba ya fedha za leseni. Mimi nimezipima kwa mizani nyingine, ambayo ndiyo hasa iliyotusukuma tuhamie huko: je, siri na kazi za serikali huwa salama zaidi zinapokaa ndani ya programu huria, ambazo msimbo wake chanzo, yaani maagizo yanayoiunda programu, uko wazi kwa kila mtu, rafiki na adui?

Swali hilo halikuzaliwa na hofu ya majasusi. Lilizaliwa asubuhi moja tulipofika kazini tukakuta mfumo wa zamani wa majalada umejifunga. Kulikuwa na mvutano wa mkataba kati ya ofisi na msambazaji, leseni ikaisha muda wake katikati ya mvutano huo, na mfumo, kama ulivyoandikwa ufanye, ukakataa kufungua hata jalada moja. Majalada yenyewe yalikuwa kwenye seva yetu, ndani ya jengo letu, chini ya kufuli letu, lakini yalihifadhiwa kwa muundo ambao hakuna programu nyingine iliyoweza kuusoma. Kwa siku nne tulifanya kazi kwa kutegemea nakala za karatasi na kumbukumbu za vichwani. Hakuna aliyetudukua, hakuna siri iliyovuja, na hata hivyo ofisi ya serikali ilisimama siku nne kwa uamuzi wa mtu asiyekuwa mtumishi wa serikali.

Hoja hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta zetu. Mwaka 2002 mbunge wa Peru, Edgar Villanueva, aliijibu barua ya kampuni ya Microsoft iliyokuwa ikipinga muswada wake wa kuzitaka taasisi za umma zitumie programu huria, na katika majibu yake aliweka misingi mitatu: raia wazifikie taarifa za umma kwa uhuru, data za umma zidumu, na usalama wa dola na wa raia uhakikishwe. Wanaoinukuu barua hiyo hukimbilia msingi wa tatu. Sisi tuliangushwa na wa pili, na nimekuja kuamini kwamba hiyo miwili haitenganishiki, kwa sababu dola isiyoweza kusoma majalada yake bila ruhusa ya muuzaji haiwezi kudai kwamba majalada hayo ni yake.

Nianze na Debian yenyewe. Usakinishaji wake si mgumu kama sifa yake ya zamani inavyodai, na kisakinishi hukupa nafasi ya kusimba diski nzima (kuifunga isomeke kwa mwenye nywila tu), kwa hiyo kompyuta mpakato ikiibwa mwizi anabaki na chuma tu. Mashine za zamani zenye kumbukumbu ya GB 4 tuliziwekea eneokazi jepesi la Xfce, zile mpya tukaziachia eneokazi la GNOME. Makatibu muhtasi walilalamika kwa wiki mbili hivi, hasa kuhusu mahali kitufe cha kuzima kilikojificha, kisha wakanyamaza.

Hatua ambayo wengi huiruka, na ambayo kwa ofisi ya serikali haipaswi kurukwa, ni kuhakiki faili la usakinishaji kabla halijagusa diski yoyote. Debian huambatanisha orodha ya hesabu za uhakiki pamoja na saini ya kidijitali ya orodha hiyo. Nilikaa na mjumbe wa kamati ya usalama ya ofisi, nikapiga amri ya sha512sum mbele yake, ukatoka mstari wa herufi na tarakimu 128, naye akaufuatisha kwa ncha ya kalamu, kipande kwa kipande, akiulinganisha na ule uliotiwa saini. Alipomaliza akauliza, "Kwa hiyo hii inathibitisha kwamba hakuna kitu kibaya ndani?" Nilimjibu kwamba haithibitishi hivyo. Inathibitisha tu kwamba tulichopokea ndicho Debian walichokitoa, na kwamba hakuna mtu aliyekibadilisha njiani. Akaandika jibu langu kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

Pengo aliloliona ndilo ambalo Debian wamekuwa wakihangaika nalo tangu 2013 kupitia kazi ya kufanya ujenzi wa vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) uwe wa kurudiwa, yaani mtu yeyote akichukua msimbo chanzo uleule na zana zilezile apate programu ileile, baiti kwa baiti, na kama ikitofautiana ajue kwamba kuna mkono uliopita. Jambo hili lina uzito wake ukilinganisha na mpango ambao Microsoft waliuanzisha mwaka 2003 wa kuziruhusu serikali ziangalie msimbo wa Windows chini ya masharti ya usiri. Kuruhusiwa kuangalia ni hatua, sibezi. Lakini mkaguzi anayeonyeshwa msimbo na asiweze kuujenga mwenyewe hana njia ya kujua kama programu inayoendesha kompyuta za wizara yake ndiyo iliyotokana na msimbo aliouona.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kompyuta yenye Debian iko wazi kutoka juu hadi chini. Kuanzia toleo la 12, kufuatia kura ya wanachama wa mradi mwaka 2022, kisakinishi rasmi huja na zile programu ndogo zinazokaa ndani ya maunzi hata kama si huria, kwa sababu bila hizo kadi nyingi za Wi-Fi na za picha hazifanyi kazi. Chini zaidi, prosesa za Intel zina programu yake, Management Engine, inayofanya kazi pasipo kuutegemea mfumo endeshi na ambayo msimbo wake haukutolewa kwa umma. Programu huria hupunguza idadi ya watu unaolazimika kuwaamini bila kuwaona, haiwamalizi.

Na uwazi si dawa. Debian wana doa ambalo kila mkuu wa usalama anapaswa kulijua kabla ya kutia saini. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, ndani ya Debian aliondoa msimbo ambao zana ya ukaguzi ilikuwa ikiulalamikia. Msimbo huo, kumbe, ndio uliokuwa ukiingiza unasibu, yaani hali ya kutotabirika, katika utengenezaji wa funguo za siri. Funguo ambazo zingepaswa kuwa na uwezekano usiohesabika zikabaki na uwezekano usiozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza yote bila jasho. Badiliko hilo lilikuwa hadharani, mtu yeyote aliweza kulisoma, na kwa takribani miezi ishirini hakuna aliyeliona hadi Luciano Bello alipoligundua na tangazo likatolewa Mei 2008. Miaka sita baadaye, katika OpenSSL hiyohiyo lakini safari hii bila kosa la Debian, ukatokea udhaifu ulioitwa Heartbleed, uliokuwa umelala ndani ya msimbo wa wazi kwa miaka miwili. Mamlaka ya mapato ya Kanada ilipoteza namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 900 ndani ya saa chache kabla haijaziba tundu. Wale wanaosema kwamba macho mengi huona kila kosa wanasahau kuuliza kama macho hayo yanatazama.

Tukio lililonifanya nibadili mipangilio ya ofisi yetu, lakini, ni lile la XZ Utils, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linamhusu mtumiaji wa Debian moja kwa moja. XZ ni programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea, ambaye alikuwa ameeleza hadharani kwamba nguvu zimempungua. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan. Alileta viraka, yaani marekebisho ya msimbo, akawa mvumilivu, akawa msaada, akaaminiwa hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo, na mapema 2024 akatoa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yenye mlango wa nyuma wa kuingilia seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Aliyeung'amua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (naam, wa Microsoft), aliyekuwa akifanya majaribio kwenye tawi la Debian lisilo thabiti, ambako vifurushi vipya huingia kwanza, akaona kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wetu tungeilaumu mtandao tukaendelea na kazi. Yeye aliifuatilia hiyo nusu sekunde hadi mwisho wake, na Machi 29, 2024 akautangazia ulimwengu.

Mambo mawili ya tukio hilo yananihusu kama mtathmini wa bidhaa. La kwanza ni kwamba matoleo yale yalikuwa yamekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian, lakini hayakufika toleo thabiti, ambalo wakati huo lilikuwa la 12. Ukongwe wa vifurushi vya toleo thabiti, ambao vijana wa TEHAMA hupenda kuudhihaki, ndio uliowaepusha watu na balaa. Kwa ofisi ya serikali naihesabu hiyo kuwa sifa ya kwanza ya Debian, mbele hata ya uwazi wake. La pili ni kwamba kipande cha mtego hakikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo wakaguzi huipitia, bali katika kifurushi kilichotolewa kama toleo rasmi. Aliyesoma msimbo wa wazi peke yake asingekiona.

Kwa sababu hiyo kompyuta zetu hazichukui chochote moja kwa moja kutoka intaneti. Tumeweka nakala ya hazina ya Debian kwenye seva ya ndani, viraka vya usalama hushushwa hapo, hujaribiwa kwenye kompyuta mbili za maabara, kisha husambazwa kwa wote Ijumaa jioni watumishi wakishaondoka. Mpango huu una faida nyingine ambayo hatukuitarajia: mtandao wa nje ulipokatika kwa siku mbili, tuliendelea kusakinisha na kurekebisha mashine kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kila tulichokihitaji kilikuwa chini ya paa letu. Toleo la Debian hupata viraka kwa miaka mitatu, na miwili zaidi chini ya mpango wa msaada wa muda mrefu, kwa hiyo ofisi inaweza kupanga kuhama kwake kwa utulivu badala ya kushtukizwa.

Anayesoma haya akaona heri arudi kwenye programu zilizofungwa, asubiri kidogo. Crypto AG ilikuwa kampuni ya Uswisi iliyoziuzia serikali zaidi ya 120 mashine za kusimba ujumbe wa siri. Februari 2020 vyombo vya habari vya Marekani, Ujerumani na Uswisi vilifichua kwamba kuanzia 1970 kampuni hiyo ilimilikiwa kwa siri na CIA pamoja na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, BND, na kwamba mashine zilichezewa ili wamiliki hao waweze kusoma ujumbe wa wateja. Hebu fikiri: serikali zilitoa fedha za hazina, kwa zabuni halali, zikanunua sikio la mtu mwingine na kuliweka katika chumba chao cha siri. Mwaka 2020 ukaja mkasa wa SolarWinds, ambapo sasisho rasmi lililotiwa saini na kampuni lilibeba mtego na likawafikia wateja wapatao 18,000, zikiwamo wizara za Marekani.

Kisha kuna kisa cha 2023, ambacho mimi hukirudia kila ninapoulizwa kwa nini tumejitaabisha. Wadukuzi wanaohusishwa na China waliingia katika barua pepe za serikali ya Marekani zilizokuwa kwenye wingu la Microsoft, zikiwamo za Waziri wa Biashara wa wakati huo, Gina Raimondo. Waliogundua walikuwa watumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na waliweza kugundua kwa kuwa wizara yao ilikuwa na kiwango cha juu cha leseni kilichowapa kumbukumbu za nani amefungua ujumbe upi. Taasisi yenye leseni ya kawaida haikuwa na kumbukumbu hizo. Haki ya kutazama kinachotokea ndani ya nyumba yako ilikuwa bidhaa ya ziada, na kelele zilipozidi ndipo kampuni ikaahidi kuipanua kwa wateja wengine. Kwenye Debian kumbukumbu za mfumo ziko kwenye diski yako tangu siku ya kwanza. Kama husomi, lawama ni yako.

LibreOffice ndiyo ambayo watumishi huiona kutwa, na huko ndiko malalamiko yalikojaa. Ilizaliwa Septemba 2010 ilipojitenga na OpenOffice.org, na huhifadhi nyaraka kwa muundo wa ODF, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Kwa masjala jambo hili lina thamani kuliko kitufe chochote kwenye skrini: jalada likifunguliwa baada ya miaka thelathini, maelezo ya muundo wake yapo hadharani, na hata kama LibreOffice itakuwa imekufa, mtu atayasoma na kuandika programu ya kulifungua.

Wiki ya pili, katibu muhtasi mmoja aliniletea barua kutoka ofisi nyingine iliyokuwa katika muundo wa docx, ule wa Microsoft Word. Nembo iliyopaswa kukaa katikati ya kichwa cha barua ilikuwa imeshukia ukurasa wa pili, na aya zilizokuwa na namba 4.1 na 4.2 zilikuwa zimegeuka 1 na 2. "Nikiipeleka hivi kwa mkurugenzi," alisema, "ataniuliza kama niko sawa." Nusu ya tatizo ilikuwa fonti: tulipoweka Carlito na Caladea, ambazo zimechorwa ziwe na upana uleule wa Calibri na Cambria, mistari ilirudi mahali pake na nembo ikapanda. Namba hazikurudi, alizirekebisha kwa mkono, na barua za aina hiyo bado zinaturudia mara moja moja. Tumeziomba ofisi tunazoandikiana nazo zitume PDF kwa kila waraka usiohitaji kuhaririwa, nyingi zimekubali, na baadhi zimesahau.

Uhasibu ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Kulikuwa na lahajedwali moja, yenye kurasa zaidi ya arobaini na makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) alizoziandika mhasibu aliyekwisha kustaafu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiandaa taarifa ya kila mwezi. Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, iliendesha makro kadhaa na kuzikataa nyingine, vitufe vikafa, na ikatuchukua wiki tatu kuiandika upya. Katika kuisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka, tulikuta nywila ya mfumo wa malipo imeandikwa waziwazi ndani ya makro, na nakala za faili hilo zilikuwa zimetumwa kwa barua pepe mara zisizohesabika. Sitadai kwamba LibreOffice ndiyo iliyoifichua. Ni ule usumbufu wa kuhama uliotulazimisha kutazama.

Katika mambo ya usiri LibreOffice ina vitu vitatu ninavyovisifu bila kusita. Kwanza, kiwango chake cha awali cha usalama huzikataa makro ambazo hazijatiwa saini na mtu unayemwamini, na nimeliacha hivyo licha ya maombi. Pili, tangu toleo la 6.0 inaweza kusimba waraka kwa ufunguo wa OpenPGP wa mpokeaji, ambao yeye peke yake ndiye awezaye kuufungulia, kwa hiyo hakuna nywila ya kunong'onezana kwa simu. Tatu, tangu toleo la 6.3 ina zana ya kufuta maneno ya siri katika waraka unaotolewa kwa umma, inayogeuza kurasa kuwa picha kabla ya kuzitoa. Ofisi nyingi huficha majina kwa kuyapaka rangi nyeusi, kisha mtu wa kwanza anayenakili maandishi hayo na kuyabandika kwingine anayasoma yote. Nimeliona kosa hilo kwa macho yangu, na lilikuwa orodha ya mashahidi.

Dosari nayo ipo. Mwaka 2019 iligundulika kwamba kipengele cha kufundishia watoto kuchora, LibreLogo, kilichokuwa kikija pamoja na programu, kingeweza kutumiwa na waraka wenye nia mbaya kuendesha amri kwenye kompyuta bila onyo lolote. Kiraka cha kwanza kilizungukwa, ikabidi kitolewe kingine. Sioni kwa nini ofisi ya serikali iwe na zana ya kuchorea watoto ndani ya programu ya kuandikia barua za siri, na tumeiondoa kila ilipokuwapo.

Vilivyotushinda havikutoka ndani ya Debian wala LibreOffice. Kifaa cha kutilia saini ya kidijitali ambacho wakuu wanakitumia kina kiendeshi cha Windows pekee, na mashine kubwa ya kunakili haitambui namba ya siri ya mtumiaji bila programu ya mtengenezaji. Kompyuta mbili za Windows kwa hiyo zimebaki, kwenye mtandao wao wa peke yake, na nakiri kwamba watu hupanga foleni mbele yake. Nikipewa nafasi ya kuandika masharti ya zabuni ya vifaa tena, hilo litakuwa sharti la kwanza.

Kosa letu kubwa lilikuwa kubadili kila kitu kwa mkupuo mmoja. Gendarmerie ya Ufaransa, kikosi cha polisi wa kijeshi, ilianza na OpenOffice mwaka 2005, ikafuata Firefox ya kuvinjari intaneti na Thunderbird ya barua pepe mwaka 2006, na ndipo mwaka 2008 ikaanza kuingiza Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa Linux. Askari walipobadilishiwa mfumo endeshi, programu walizozizoea zilikuwa zilezile, na leo mfumo huo uko kwenye kompyuta zaidi ya 70,000. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani, lililotangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zake zipatazo 30,000, nalo limeanza na LibreOffice na kuiacha Linux ije baadaye. Jiji la Munich lilikwenda mbali, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows, huku malalamiko ya watumishi kuhusu faili zisizofunguka sawasawa yakitajwa mara kwa mara katika mjadala. Nikisoma habari za Munich huiona ile nembo iliyoshukia ukurasa wa pili.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wa programu huria hawapendi kulizungumzia. Korea Kaskazini nayo ina mfumo wake uliojengwa juu ya Linux, Red Star, na mwaka 2015 watafiti wawili wa Ujerumani walionyesha kwamba mfumo huo huweka alama ya siri, inayotokana na namba ya diski ya kompyuta, katika nyaraka na picha zinazopita humo, ili ijulikane faili limetoka kwa nani na limepitia kwa nani. Leseni huria inampa mwenye nguvu uhuru uleule inaompa raia. Kwa hiyo waziri anaposema kwamba nchi imekuwa salama kwa kuwa na mfumo endeshi wake, ni haki kumwuliza kama msimbo wa mfumo huo umechapishwa, na ni nani nje ya wizara aliyewahi kuujenga.

Kwa jumla ya alama, Debian naipa nane kati ya kumi kwa ofisi ya aina yetu, na mbili nimezikata kwa sababu ya vifaa visivyoielewa na mzigo wa kuitunza. LibreOffice naipa saba. Ofisi isiyo na fundi hata mmoja wa kudumu isijaribu, kwa sababu kiraka kisichowekwa hakimlindi mtu, uwe msimbo wake wazi au umefungwa. Katika andiko la kuhama tuliomba nafasi mbili za wahandisi, zilipwe kwa fedha za leseni tulizoacha kulipa. Fedha hizo zilirudishwa kwenye mfuko mkuu kabla ya mwaka wa fedha kuisha, ikajazwa nafasi moja, na kijana aliyeijaza aliondoka baada ya miezi mitano kufuata mshahara mnono zaidi. Viraka vya Ijumaa jioni nimebaki kuvijaribu na kuvisambaza peke yangu, na wiki iliyopita, kwa kuwa nilikuwa na homa, nilivisambaza Jumatatu.